Maji ya Kuoga ya Mama Mkwe

Walimwita Tanuri hata baada ya tanuri lenyewe kuvunjwa na milango yake kuuzwa chuma chakavu. Alikuwa amelichochea tangu ujanani, katika kiwanda cha mikate kilichokuwa nyuma ya posta. Kazi yake ilikuwa kuamka wakati watu wengine ndio kwanza wanageuza ubavu, kuwasha moto wa kuni na kuulea mpaka matofali ya ndani yabadilike rangi, ili mji ukiamka ukute mkate. Hakuwa mwokaji. Waokaji walikuwa wengine. Wao walivaa kofia nyeupe na walipigwa picha ya kalenda. Yeye alivaa shati la kaki lililotobolewa na cheche, na katika picha ile ya kalenda unaonekana mkono wake.

Alipooa, wenzake kiwandani walicheka mpaka wakashika mbavu: mtu wa tanuri kapata jiko. Utani huo waliurudia kwa muda mrefu, na kila mara aliucheka kidogo, ili asiwavunje moyo.

Mkewe alikuwa binti pekee wa mjane aliyeishi katika nyumba ya mawe juu ya mlima. Mji wote ulikuwa wa baridi, mtaa ule ulikuwa wa baridi zaidi, na nyumba ile, kwa kuta zake nene na madirisha yaliyotazama upande ambao jua halina shughuli nao, ilikuwa na baridi yake binafsi. Wageni walikaa sebuleni na makoti yao mwilini na hakuna aliyewauliza kwa nini. Maharusi walihamia pale kwa muda, mpaka wapate kwao. Muda ukarefuka. Hawakujaliwa mtoto. Kisha kiwanda kikaleta tanuri la umeme, linalowashwa kwa kidole, na mwenye kiwanda akamwita Tanuri ofisini akamwambia hakuna haraka, atatafutiwa kazi nyingine. Akatafutiwa: kufungua geti. Alilifungua mara chache, kisha siku moja akatoka, akaliacha wazi, hakurudi.

Mwaka huohuo mkewe aliugua akafariki. Tanuri akabaki katika chumba cha nyuma, mwanamume mzima anayeishi kwa mama mkwe wake, bila mke wa kusimama katikati na kueleza jambo hilo limekaaje.

Jambo hilo lilikaa juu ya boila.

Boila ilikuwa uani, chini ya kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa jikoni. Lilikuwa pipa zito la chuma, na chini yake mdomo wa kutilia kuni. Mabomba yalitoka humo yakatoboa ukuta, moja likaenda bafuni, jingine likazunguka mpaka kwenye vyuma viwili vyenye mbavu, kimoja sebuleni na kimoja chumbani kwa mama mkwe. Nyumbani viliitwa rejeta, kwa sababu vilifanana na rejeta ya lori. Kwa kawaida aliyewasha moto ule alikuwa mkewe. Baada ya msiba, asubuhi moja kabla hakujapambazuka, Tanuri alisikia mama mkwe akihangaika na viberiti uani, njiti moja baada ya nyingine. Alitoka, akakipokea kiberiti kwa mikono miwili, akachuchumaa. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake.

Mama mkwe alikuwa opereta wa simu mstaafu, enzi zile ambazo mtu alitaja namba kwa sauti na binadamu akamwunganisha kwa waya. Kazi hiyo ilimfundisha kusikiliza mengi na kusema machache, na hata sasa, akiwa amekula chumvi ya kutosha, alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Kila alfajiri Tanuri alipasua kuni, akawasha, akasubiri pipa lianze kunguruma, na muda si mrefu akasikia mlango wa bafu ukifungwa. Baadaye mama mkwe alipita mlango wa jikoni akiwa amejifunga kitambaa kichwani.

"Asante, mkwe. Maji yalikuwa mazuri."

"Asante, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao mpaka wakati wa chai, na wakati wa chai palikuwa na redio.

Tanuri mwenyewe alioga baada yake. Maji aliyoyakuta yalikuwa baridi. Hilo halikumsumbua hata chembe. Alijua mama mkwe ameyamaliza ya moto yote, na akafurahi kwamba anaoga vizuri.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mvua. Asubuhi moja ya masika alikuwa anatoka kwenye rundo la kuni na mzigo kifuani, ngazi za uani zimelowa, mguu ukaenda upande wake na yeye upande wake. Kuni zilifika chini kwanza. Daktari alimpapasa nyonga akasema hakuna kilichovunjika, lakini asiinue kitu kizito mpaka atakapoambiwa, na hakusema ataambiwa lini. Siku hizo mama mkwe alipasha maji kwa birika, akaoga kwa ndoo, hakulalamika. Isipokuwa alimpigia simu mwanawe wa kiume, na alipoulizwa habari za huko akazitaja.

Mwanawe, shemeji yake Tanuri, alifanya kazi ya bima katika mji mkubwa. Alikuwa mtu mwema, lakini kazi ilikuwa imemwingia machoni: kila alichokitazama alikiona kikiungua au kikianguka. Alikuja mwishoni mwa wiki, akaizunguka boila mikono ikiwa nyuma, akachungulia mdomo wake, akagusa bomba kwa kidole kimoja na kukirudisha haraka ingawa lilikuwa baridi.

"Shemeji, huu mtambo ni wa kutolewa."

"Unafanya kazi," Tanuri akasema. Alikuwa ameegemea fimbo.

"Umekuvunja."

"Niliteleza kwenye ngazi. Wenyewe ulikuwa mbali."

"Ulikuwa unaupelekea kuni." Shemeji akatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuandika ripoti. "Tutaweka wa jua, juu ya paa, na hita ya umeme ndani ya tangi kwa siku za mawingu. Mama atafungua bomba, basi. Rejeta nazo zitakuwa na joto mchana kutwa. Na wewe utapumzika, umechoka, kila mtu anaona. Hakuna haraka. Wiki ijayo fundi anakuja."

Tanuri alilisikia lile neno la hakuna haraka likipita sikioni kama mtu unayemfahamu anapopita ng'ambo ya barabara. Aliitikia kwa kichwa. Mama mkwe, aliyekuwa anamenya viazi kwenye kizingiti, aliuliza swali moja tu.

"Fundi ni nani?"

Fundi alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na ovaroli ya bluu, na alifuatana na mwanamume mwembamba mwenye ngazi.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Anabeba ngazi."

Mume aliinamisha kichwa kuthibitisha.

Fundi alipita nyumba nzima bila kuzungumza, akigonga mabomba kwa koleo na kusikiliza, kisha mama mkwe akamwita pembeni koridoni wakanong'ona. Tanuri hakusikia walichosema, na hakuwa mtu wa kutega sikio. Alichokiona ni kwamba fundi alitoka huko moja kwa moja akaingia chumba cha nyuma, chumba chake, ambacho hakikuwa na bomba lolote tangu nyumba ijengwe. Akapima ukuta wa chini ya dirisha kwa futikamba. Akachora alama kwa chaki ukutani, juu ya kitanda.

"Hapa analala nani?"

"Mimi," Tanuri akasema.

"Kitanda kitahama."

"Kihamie wapi?"

"Hilo mtapanga wenyewe," fundi akasema, akaenda kutazama paa.

Tanuri alikaa kwenye kitanda chake akaitazama ile alama ya chaki. Shemeji aliwahi kusema, siku nyingi zilizopita na akiwa amekula vizuri, kwamba akistaafu atarudi nyumbani. Alifikiri juu ya hilo. Akafikiri juu ya jua, linalochomoza lenyewe, bila kupasuliwa. Mtu aliyekaa katika nyumba ya mama mkwe kwa sababu ya moto, moto ukiondoka, anakaa kwa sababu gani? Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu akikufukuza unajua pa kuanzia kufunga mizigo.

Siku ya pili yake alishuka mjini kwa rafiki yake kinyozi. Kinyozi alikuwa na chumba nyuma ya duka, alichokitumia kuhifadhi viti vilivyovunjika. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta ulikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuutundikia nguo bila kutoka ndani. Kupitia mbao ulisikia mashine ya kunyolea na maoni ya wateja kuhusu mpira.

"Chumba ni chako," kinyozi akasema. "Mama mkwe amekuchoka?"

"Hapana. Wanaweka maji ya jua."

Kinyozi alipapasa ukuta. "Sawa. Nitakipaka rangi."

"Usihangaike."

"Rangi ninayo. Ilibaki mke wangu alipopaka saluni. Ni ya waridi."

Tanuri akasema rangi ya waridi haina neno.

Kazi ilianza Jumatatu. Fundi na mumewe walipandisha tangi juu ya paa kwa kamba, mume akiwa chini anavuta na fundi akiwa juu anamwambia anavuta vibaya. Walipanga vioo vyeusi vya kukusanyia joto, wakavitega kuelekea upande wa jua. Kisha wakashuka kuing'oa boila. Tanuri alikuwepo. Nyonga ilikuwa imepata nafuu na hakuna aliyemwomba msaada, kwa hiyo alisimama akishika taa ambayo haikuhitajika, kwa kuwa kulikuwa na jua kali.

Fundi alikata bomba la bafuni kwa msumeno, akalitazama kwa jicho moja kuelekea angani, kisha akampa Tanuri. Ndani bomba lilikuwa limejaa ukoko mweupe, mgumu kama jiwe. Njia iliyobaki katikati ilikuwa nyembamba. Penseli ingepita kwa shida.

"Chokaa," fundi akasema. "Maji ya mlima huu ndivyo yalivyo. Hili lina miaka halijapitisha maji ya maana, na la rejeta lina nafuu kidogo tu. Yanatiririka kidogo kidogo, na bomba linapita ndani ya ukuta wa mawe wenye baridi. Yakifika bafuni yamekwisha kupoa."

"Boila ilikuwa inanguruma," Tanuri akasema.

"Itanguruma sana. Joto halina pa kwenda." Akagusa ukuta wa jikoni kwa kiganja. "Ukuta huu umekauka vizuri. Nani alikuwa anaogea maji yale?"

"Mama."

"Na hakusema kitu?"

"Alisema ni mazuri."

Fundi akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama ngazi.

Tanuri alishika kile kipande cha bomba kwa muda. Alitaka kujua, lakini mkwe hawezi kumfuata mama mkwe wake akamwuliza habari za bafuni. Maneno hayo hayana pa kuanzia. Mwishowe alimwomba fundi, kwa kuwa ni mwanamke na ni mtu wa kazi, amwulizie. Fundi hakuona tatizo. Akaingia jikoni, na Tanuri akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akitazama sufuria.

"Mama," fundi akasema, "mzee anataka kujua maji ya kuoga yalikuwaje."

Mama mkwe alikuwa anakatakata kitunguu. "Mwambie yalikuwa mazuri."

"Mwulize," Tanuri akaiambia sufuria, "yalikuwa ya moto au ya vuguvugu."

"Mama, anauliza kama yalikuwa..."

"Nimemsikia. Mwambie niliyakuta tayari kila siku. Hilo ndilo nililokuwa nalitazama."

"Kwa hiyo yalikuwa ya vuguvugu," fundi akasema. Alikuwa mtu wa kupenda kumaliza kazi.

Mama mkwe alisukuma kitunguu kwa kisu mpaka ukingoni mwa ubao. "Yalikuwa baridi," akasema. "Siku za mvua yalikuwa baridi sana."

Tanuri alitoka akaenda kukaa juu ya rundo la kuni. Akapiga hesabu ambayo si ya namba. Alfajiri zote zile, shoka, moshi, macho kuwasha, na alichokuwa akikipasha moto ni ukuta. Kiwandani walau mkate ulitoka. Hakukasirika, hakuwa na wa kumkasirikia, labda chokaa. Lakini kama kulikuwa na kamba nyembamba iliyokuwa bado inamshikilia katika nyumba ile, aliisikia ikikatika, na haikutoa sauti kubwa. Hakuwa tu mtu ambaye kazi yake imekwisha. Alikuwa mtu ambaye kazi yake haikuwahi kufika bafuni.

Akaamua ataondoka kwa heshima. Hataondoka mtambo ukiwa haujakamilika, wasije wakasema amesusa. Atangoja uwake, aone mama mkwe amepata maji, ndipo achukue sanduku lake ashuke mjini.

Siku ya mwisho ya kazi alikwenda kwa kinyozi kutazama rangi. Ilikuwa ya waridi kweli. Kinyozi alikuwa amepaka mpaka dari, kwa ukarimu. Tanuri alipanda mlima kurudi akakuta fundi ameshaondoka na nyumba imebadilika harufu. Haikunuka tena moshi, ilinuka vumbi linalopata joto kwa mara ya kwanza. Rejeta ya sebuleni ilikuwa mpya, nyeupe, nyembamba kama daftari. Katika chumba cha nyuma kitanda chake kilikuwa kimesukumwa mpaka ukuta wa pili, na pale kilipokuwa, chini ya dirisha, kulikuwa na rejeta ya tatu. Akaigusa. Ilikuwa ya moto. Akasema moyoni kwamba shemeji atalala vizuri, akavuta sanduku lake kutoka uvunguni, akaanza kukunja mashati. Lile la kaki alilitazama kidogo, akalitia chini kabisa. Usingizi wake siku hiyo ulikuwa wa kutupa mablanketi moja baada ya jingine.

Alfajiri aliamka kama kawaida. Alikwisha kuvaa buti na kufika uani ndipo akakumbuka. Pale ilipokuwa boila palikuwa na mraba mweusi ardhini, umefagiliwa. Shoka lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alisimama pale kwa muda, mikono ikining'inia, kisha akarudi jikoni, na jikoni akamkuta mama mkwe amekaa mezani gizani, taulo begani, akitazama mlango wa bafu.

"Mama. Umeamka."

"Nimeamka," mama mkwe akasema. "Na wewe."

"Mazoea."

"Hata mimi."

Tanuri akawasha taa. Hakuna aliyejua la kufanya. Maji yalikuwa tayari, yalikuwa tayari tangu jana yake mchana, yangekuwa tayari wakati wowote ambao mtu angeyataka. Akavuta kiti akakaa, ambalo ni jambo asilowahi kulifanya saa hizo.

"Nenda ukaoge, mama. Sasa ni ya moto kweli."

"Nitaoga." Hakuinuka. Alifikicha macho. "Mkwe, wewe unapendaje saa hizi? Sijawahi kuelewa."

"Saa zipi?"

"Hizi. Za jogoo. Nilisema ni ndugu zako wa mikate waliokuzoesha, mtu akizoea hupenda."

Tanuri alifikiri kama inafaa kusema ukweli mbele ya mtu aliyemzidi umri kiasi hicho. "Sijawahi kuzipenda," akasema. "Tangu kiwandani. Nilikuwa nikiamka naumwa tumbo."

Mama mkwe alimgeukia taratibu.

"Basi hapa ulikuwa unaamka kwa nini?"

"Wewe unaoga alfajiri, mama."

"Mimi?" Kwa mtu wa maneno machache, neno hilo moja alilivuta sana. "Mimi nilikuwa naoga alfajiri kwa sababu umeshawasha moto. Nasikia shoka. Mtu ameacha kitanda chake, amepasua kuni kwenye umande, nilale mpaka kuche? Moto wako upotee bure? Nilikuwa nainuka. Nilikuwa nakaa bafuni, namwagia miguu, nahesabu, natoka."

"Unahesabu?"

"Ili muda ufanane na wa mtu anayeoga."

Nje, jogoo wa jirani alianza, akanyamaza, akaanza tena. Wote wawili walimsikiliza kwa chuki ya wazi.

"Saa ngapi ungependa kuamka, mama?" Tanuri akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kitaalamu.

"Jua likiwa limepanda. Watu wakiwa wamekwenda kazini. Kazini kwangu nilikuwa na zamu ya usiku, usingizi wangu haujawahi kulipwa." Akanyoosha taulo juu ya magoti. "Na kinyozi anapaka chumba rangi ya waridi."

Tanuri akaangalia meza.

"Mke wake ameniambia ni cha kwako. Nikasema labda amesikia vibaya. Jana nimekuta sanduku."

"Nilidhani chumba changu kinatakiwa, mama."

"Na nani?"

"Shemeji. Wameweka rejeta. Fundi alisema kitanda kitahama."

"Kimehama. Kiko ukuta wa pili." Mama mkwe akashusha pumzi. "Mwanangu akilala hapa siku mbili anapata mafua. Hawezi kurudi hapa hata kwa kufungwa kamba. Ile rejeta nilimwambia fundi koridoni, kabla hata hajashusha ngazi yake: bila ya chumba cha mkwe, asiguse kitu. Miaka yote mimi nilikuwa na rejeta chumbani, japo ya vuguvugu, wewe unayewasha huna. Nilikuwa naona haya."

Tanuri alikohoa. "Moto hauhitajiki tena, mama. Sina kazi hapa."

"Binti yangu alipokuleta katika nyumba hii," mama mkwe akasema, "hukuja na kuni."

Aliinuka, akakunja taulo, akalitundika kwenye msumari, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka:

"Zima taa. Nenda kalale."

Tanuri alizima taa. Alivua buti koridoni asipige kelele, akarudi kitandani, akajilaza mgongoni akisubiri dhamiri imsumbue. Haikumsumbua kwa muda wa kutosha.

Shemeji alikuwa ameahidi kupiga simu asubuhi kuuliza kama mtambo unafanya kazi. Alipiga. Simu ya sebuleni iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena, na kila mlio usiopokewa ulimwonyesha jambo baya zaidi, kwani ndiyo kazi aliyosomea: hita imepiga shoti, tangi limeshuka na paa, watu wawili wameungua wakiwa usingizini na hakuna hata mmoja aliyekatiwa bima ya kueleweka. Alimpigia jirani, mama mmoja wa cherehani, akamwomba akimbie. Yule mama hakuwa mtu wa kukimbia, lakini alivuka ua kwa haraka ya heshima, akabisha, akaita, akazunguka nyuma, na hatimaye akaingia kwa dirisha la jikoni akivunja kikombe kimoja. Akachungulia chumba cha kwanza. Akachungulia cha pili. Kisha simu ya sebuleni ikaita tena, akaipokea.

"Wamelala," akasema.

"Wamelala au wame..." Shemeji hakuweza kumaliza.

"Wamelala. Wanakoroma."

"Wote wawili?"

Jirani akasikiliza kidogo. "Kwa kupokezana," akasema.

Mtaani habari hiyo ilitosha wiki nzima. Kinyozi naye alinuna kwa siku chache kwa ajili ya rangi yake, kisha mke wake akahamishia humo vifaa vya kusukia nywele na akasema ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo.

Kilichobadilika zaidi katika nyumba ile ya mawe ni chai. Zamani waliinywa upesi, wote wawili wakiwa na usingizi, redio ikisema kwa niaba yao. Sasa waliinywa jua likiwa juu ya vioo vya paani, wameoga, wamechangamka, na redio ilisahauliwa kuwashwa. Mama mkwe akaanza kuzungumza. Ilianza kidogo kidogo, kama bomba linalozibuka. Alimsimulia Tanuri mambo aliyoyasikia kwenye waya enzi za kazi yake, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe, kwa kuwa alikula kiapo. Lakini wenyewe wote wamekwisha kufa, na kiapo, alisema, ni cha watu walio hai.

Asubuhi moja alimsimulia habari za bwana mmoja mkubwa, wa ofisi kubwa, ambaye kila Ijumaa jioni alimpigia mkewe kumwambia ameshikwa na kazi, asimsubiri. Mke alimjibu kwa upole kwamba haidhuru, afanye kazi yake bila wasiwasi. Akikata, mke huyohuyo alimwomba opereta amwunganishe na nyumba nyingine, mtaa mwingine, na huko alipokea mwanamume mwenye sauti ya kuimba. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, kila Ijumaa, mpaka bwana akapewa uhamisho, na siku ya kuondoka mke wake alilia stesheni mpaka watu wakamsifu.

"Na yule bwana hakuwahi kujua?" Tanuri akauliza.

Mama mkwe alikoroga chai yake, akaonja, akaongeza sukari.

"Hakuwahi kuuliza," akasema, akamsogezea mkate.